Klachi ya Nesi Adventina

Wanangu mnaoshika spana, wiki iliyopita nilipita pale Bugene kununua ndizi nikamkuta mmoja wenu ameshafungua kava la injini. Oili imemwagwa kwenye beseni, klachi pleti zimepangwa juu ya gunia, na mwenye pikipiki amekaa kwenye tofali akitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikamuuliza fundi pikipiki ina nini.

"Shikamoo bibi. Klachi haiachii."

Nikaitikia marahaba, nikaushika mkono wa klachi kwa vidole viwili. Ulikuwa umelegea kama mlango wa banda la kuku. Shida ilikuwa waya tu. Dakika tano na spana namba kumi, mtu angekuwa ameshafika kwake. Sikusema kitu mbele ya mteja, nikachukua ndizi zangu nikaenda. Lakini nilipofika nyumbani moyo haukutulia, nikamwomba mjukuu daftari.

Mimi ni Mwanaidi binti Shomari. Wengi wenu mnanijua kama yule bibi wa miwani anayekaa kwenye kibaraza cha duka la spea Kayanga. Kabla ya miwani nilikuwa fundi pikipiki, na nitasema bila haya kwamba kwa upande wa klachi, kuanzia Kayanga mpaka Songambele, hakukuwa na mkono ulionizidi. Waliobisha walikuja kubisha na pikipiki zao, wakaondoka nazo zikiwa nzima.

Ufundi sikuutafuta. Baba yangu alitoka Pangani akiwa kijana, akafungua duka Kayanga, kwanza la spea za baiskeli, baadaye za pikipiki. Alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache, na spea zake alizipanga kwenye kabati la kioo kama sonara anavyopanga pete. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake nikiwa na miaka ishirini na saba, akaniweka kaunta. Wakati huo kulikuwa na jambo moja linalomkera kuliko yote: klachi pleti zake zilikuwa zinarudishwa. Mtu ananunua seti mpya leo, baada ya wiki anarudi nayo kwenye mfuko. "Mzee Shomari, hizi mbovu. Klachi bado inavuta." Baba anazigeuza, anazipapasa, anazisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, haoni kasoro. Anampa seti nyingine. Nayo inarudi.

Asubuhi moja akaniambia, "Mwanaidi, nenda kwenye gereji ya Fundi Kaijage kule Bugene ukakae pale kutwa. Tazama kwa macho yako hizi pleti zinafungwaje. Nataka kujua ubaya uko kwenye spea yangu au kwenye mkono wa mtu."

Nilikwenda kwa kutwa moja. Nilitoka pale baada ya miaka thelathini na kitu.

Fundi Kaijage alikuwa Mnyambo wa hapo hapo Bugene, mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia injini, na akifanya kazi alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, ubeti mmoja huo huo mpaka kazi iishe. Nilimwamkia, nikamwambia nimetumwa na baba kuja kuangalia.

"Marahaba. Kaa hapo," akasema. "Ukichoka kuangalia, panga hizi." Akanisogezea kopo la bolti zilizochanganyika. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshachoka kuangalia, na bolti zote zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Kesho yake baba hakunituma. Nilikwenda mwenyewe.

Sasa sikilizeni, maana nyinyi mna simu zinazowaonyesha kila kitu lakini hazina vidole. Kazi ya klachi ni kuachanisha injini na gurudumu. Ukivuta mkono wa kushoto, pleti zilizokuwa zimebanana zinapata nafasi, injini inazunguka peke yake, gurudumu linatulia. Isipoachia yote, injini inaendelea kulisukuma gurudumu hata kama umebana mkono mpaka mwisho; ndiyo tunasema inavuta. Ukiingiza gia ya kwanza, pikipiki inaruka kama mbuzi aliyeguswa. Ukisimama, frii, pale injini inapokuwa haina gia, huipati mpaka uzime injini. Gia zinagugumia. Mteja atakuja kwako akilalamika kwamba gia mbovu, na gia masikini ni nzima, inateswa tu.

Kaijage alikuwa haanzi na spana. Alikuwa akiiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, injini imezimwa, anaingiza gia, anabana mkono wa klachi, kisha analizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, anajua mteja hakudanganya. Baada ya hapo anaanza kutafuta kutoka nje kuingia ndani. Mkono wenyewe kwanza: umeliwa pale unapochezea? Una mchezo wa unene wa sarafu tu, au unapwaya? Kisha waya: nyuzi zimekatika pale kichwani? Umepinda chini ya tangi? Hapo alikuwa akigeuza usukani kushoto na kulia huku kidole kiko kwenye waya, maana kuna waya unaokaza ukikata kona na kulegea ukinyooka. Kisha anashuka kwenye kile kimkono cha chini kinachoingia kwenye injini. Kisha anauliza oili.

Oili, wanangu, iulizeni. Alikuja bwana mmoja mkulima wa kahawa kutoka Songambele, pikipiki yake inaruka ukiingiza gia mpaka kofia inamtoka. Mafundi wawili walikuwa wameshaifungua. Kaijage akamuuliza umeweka oili gani. Yule bwana akajibu kwa fahari kwamba ameweka ya lori, nzito, ili pikipiki nayo ipate nguvu za lori. Kaijage hakucheka. Alimwaga ile oili, nzito kama asali ya baridi, akaweka inayostahili, akaiendesha hadi barabarani na kurudi, akamkabidhi. Bwana yule alipoondoka ndipo Kaijage akakaa chini ya mti wa parachichi akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kava ni la mwisho," alikuwa akiniambia. "Ukilifungua kabla hujajua unachotafuta, utakachokiona chochote utakiita kibovu."

Nilimsikia. Nilidhani nimeelewa.

Nilipokuwa na mwaka wa tatu pale gereji, Kaijage alifiwa na shemeji yake Muleba akaenda msibani. Akaniachia gereji. Siku ya pili tu akaja Nesi Adventina.

Huyu alikuwa mkunga wa zahanati moja ya upande wa Kibingo, huko Kyerwa, mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba maji. Alikuwa na pikipiki ya kazi, ya zamani, na barabara zile alizijua kuliko waliozichonga. Mwanamke kuendesha pikipiki siku hizo ilikuwa habari ya kusimulia jioni, lakini yeye alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa kata, nani angemsema?

"Klachi inavuta," akaniambia. "Na leo jioni naihitaji."

Nikaizungusha kama nilivyofundishwa. Gurudumu zito. Mkono mzima, waya mzima, oili sawa. Nikafungua kava, nikakuta pleti zimekwisha. Nikafurahi, kwa kuwa nilikuwa nimekuta kitu cha kulaumu. Nikakimbia dukani kwa baba, nikachukua seti mpya, nikafunga, nikafunika. Nikazungusha gurudumu. Lilikuwa jepesi kuliko mwanzo, lakini halikuwa huru. Kulikuwa na kitu bado kinashika, kidogo.

Adventina akaiwasha, akaingiza gia. Ikaruka kidogo. Akanitazama.

"Bado inavuta."

"Kidogo tu, nesi. Pleti ni mpya. Itazoea."

"Una hakika?"

Wanangu, hapo ndipo ningeweza kusema sina. Fundi hakuwepo, kulikuwa na wanaume wanne kwenye benchi wakitazama kama binti wa Mzee Shomari anaweza kazi, na mimi nilikuwa na njaa ya kuonekana naweza. "Nina hakika," nikasema. Akapanda akaondoka.

Siku ya tatu pikipiki ikarudishwa ikiwa nyuma ya gari la mkaa, usukani umepinda, taa imevunjika. Aliyeileta akasema nesi amevunjika mkono.

Haya niliyoyajua baadaye aliniambia mwenyewe. Alikuwa ameitwa kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi. Kwenye mteremko akakuta ng'ombe wanavuka. Akasimama, akatafuta frii, frii ikakataa, basi akabaki kwenye gia ya kwanza amebana klachi na amekanyaga breki ya mguu. Ng'ombe mmoja akamsukuma kwa ubavu. Akashusha mguu wa kulia asianguke, breki ikaachia, na ile "kidogo tu" yangu ikaisukuma pikipiki mbele. Akageuza usukani asimgonge ndama, akaingia mtaroni, mkono wa kushoto chini yake. Alijifunga mkono kwa mtandio wake, akatembea kilichobaki kwa miguu, akamzalisha yule mama kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa mama mkwe wa mzazi, ambaye Adventina alimwambia shika hapa, shika pale, usiangalie usoni kwangu angalia mtoto. Mtoto akalia, mama akapona. Ndipo yeye akakubali kupelekwa hospitali.

Nilipopata habari nilifunga gereji saa nne asubuhi nikaenda kukaa nyuma ya duka la baba, kwenye maboksi. Baba alikuja, akasimama mlangoni.

"Fundi wako anarudi lini?"

"Kesho."

"Basi kesho uwe pale kabla yake," akasema, akarudi kwa wateja.

Kaijage alirudi, akaizunguka ile pikipiki mara moja. Hakunifokea, na ningependa angefoka.

"Ulimwambia nini alipoondoka?"

"Nilimwambia itazoea."

"Chuma hakizoei," akasema. "Anayezoea ni mtu aliyekaa juu yake. Anazoea ubovu, mpaka siku hiyo." Akachukua kitambaa akafuta mikono iliyokuwa safi. "Usiiguse hiyo pikipiki kwanza. Nenda kamwone yeye."

Nikapanda gari la mizigo mpaka Kibingo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipomkuta amekaa uani kwake, mkono umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, yote yakanitoka. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia.

"Nimekuja kuomba radhi, nesi. Kosa ni langu."

"Najua ni lako. Nilikuuliza, ukasema una hakika." Akawatazama kuku. "Wakubwa wangu wanataka kunipa pikipiki nyingine, au wasinipe kabisa, wanasema mwanamke na pikipiki ndiyo haya. Mimi nimesema nataka ile ile. Plasta inatoka baada ya wiki sita. Waitu, ndugu yangu, ukishindwa mpaka hapo, watakaochekwa ni wawili, mimi na wewe."

"Nitaitengeneza."

"Niambie kitu. Uliniambia inavuta kidogo. Hiyo kidogo uliipimia wapi?"

"Kwenye gurudumu, kwa mkono."

"Hujaikalia?"

Nikamwambia ukweli. Sikujua kuendesha. Miaka mitatu ya ufundi, na pikipiki nilikuwa nazisukuma tu.

Adventina akasema kwa ile sauti yake, "Jumamosi nakuja kwa dada yangu Bugene. Unikute uwanja wa mpira. Vaa suruali."

Nilimweleza baba jioni nikitegemea atakataa, na labda nilitaka akatae. Nikamwambia watu watasema. Baba akawa anafunga kabati lake la kioo, akauliza, "Watasema nini ambacho hawakusema ulipoachika? Na duka halikufungwa." Akanipa suruali ya kaka yangu Idi. Niliivaa chini ya gauni, mtandio nikaufunga nyuma ya shingo, nikaenda.

Mnawaona wale wanaofundisha kuendesha kwa upole? Adventina hakuwa huyo. Alisimama katikati ya uwanja, mkono wa plasta kifuani, mkono mzima unaelekeza. Tulianza na pikipiki ya Kaijage, yenye klachi nzuri, kwa kuwa alisema lazima nijue uzima kabla ya kujua ugonjwa. "Achia taratibu. Taratibu, si kuku huyo unamtupa. Tena." Nilianguka mara tatu. Watu walijaa pembeni mwa uwanja kama kuna mechi. Jumamosi ya pili niliuzunguka uwanja mzima nikiwa na gia ya pili, na nikasikia mtu akipiga makofi. Nilipogeuka kuona ni nani nikaanguka mara ya nne.

Jumamosi ya tatu Kaijage akaileta ile ya nesi, usukani umenyooshwa. Nikaikalia, nikapiga kiki, nikabana klachi, nikaingiza ya kwanza.

Sitasahau. Vidole vyangu vilikuwa vimeubana mkono ule mpaka vinauma, na chini yangu kitu kilikuwa bado kinasukuma. Hakisikii. Unakiambia simama kwa nguvu zako zote na chenyewe kinakwenda. Kwa mkono, kwenye stendi, ilikuwa kidogo. Pale juu, ukiwa na uzito wako na mbele yako kuna watu, haikuwa kidogo hata chembe. Nikazima injini. Adventina alikuwa ananitazama usoni.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona."

"Haya. Sasa kaifungue."

Safari hii nilifungua kava nikijua ninachokitafuta. Nilianza na pleti za chuma. Zikipinda kwa joto, hata unene wa karatasi, zinagusana na klachi haiachii. Kuzijua unazilaza juu ya kitu kilichonyooka, na Kayanga nzima kitu kilichonyooka kuliko vyote kilikuwa kioo cha kabati la baba. Nikaingia dukani na pleti zinanuka oili. Baba akatazama kioo chake, akanitazama mimi, kisha akaanza kutoa spea zake moja moja kunipisha. Tukazilaza pleti, tukachungulia kwa pembeni, tukazisukuma kwa kidole kuona kama zinabembea.

"Zimelala," baba akasema.

Zote zilikuwa zimelala. Springi nikazipima urefu zikisimama pamoja, sawa. Ile fimbo nyembamba inayosukuma pleti kutoka katikati, haijaliwa. Nikabaki na bakuli la klachi mkononi, lile la aluminiamu linalobeba pleti zote. Mnalijua, lina vidole virefu vilivyosimama, na masikio ya pleti, yale yaliyochomoza ukingoni, yanateleza katikati ya vidole hivyo. Nililigeuza nikaliona safi. Kwa macho lilikuwa safi. Nikafumba macho nikapitisha kucha ya kidole gumba juu ya kidole kimoja cha bakuli, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Kucha ikakwama. Ikapanda, ikakwama tena, ikapanda, ikakwama. Vishimo. Kila sikio la pleti, kwa miaka yote ya kuvuta na kuachia, lilikuwa limejichimbia kitanda chake kwenye ile aluminiamu laini. Ukivuta klachi, pleti zinataka kuachana, lakini masikio yamelala kwenye vishimo na hayatoki. Na ukifunga pleti mpya kabisa, zinakwenda kulala kwenye vitanda vile vile vya zile za zamani.

Nikampa baba bakuli, nikaushika mkono wake, nikakipitisha kidole chake pale. Alirudia mara mbili, kwenye kidole cha pili cha bakuli, cha tatu.

"Kwa hiyo hizi zote nilizokuwa narudishiwa..."

"Hazikuwa na kosa, baba. Zilikuwa zinafungwa kwenye nyumba mbovu."

Alivua kofia yake, akaikung'uta ilhali haikuwa na vumbi, akaivaa tena. Kila mteja aliyeingia siku ile alishikishwa lile bakuli, hata aliyekuja kununua mpira wa baiskeli.

Bakuli jipya halikupatikana. Tuliuliza Bukoba, tukaulizia Mwanza, wakasema labda tununue injini nzima. Kaijage akakaa nalo kwenye jua, akapitisha kucha yake.

"Vishimo ni vifupi bado," akasema. "Vingekuwa vya kuzamisha kucha ningekuambia litupe. Hivi vinasawazishika. Tupa ya kusugulia chuma unaijua?"

"Naijua."

"Kila kidole sawa na mwenzake. Ukila kimoja zaidi, mzigo wote utabebwa na vingine, na hicho kitakuja kukatika njiani. Ondoa mpaka sikio liteleze, uishie hapo. Usitafute kupendezesha."

Baba alinipa tupa mpya kutoka kabatini, laini, haijawahi kugusa chuma. Nilifanya kazi ile siku mbili. Mipigo mitano upande huu, mipigo mitano upande wa pili, nageuza kidole kinachofuata, nikimaliza mzunguko nachukua pleti moja naitelezesha kutoka juu hadi chini huku nikifumba macho. Ikikwama, mzunguko mwingine. Wale wanaume wa benchi walikuwepo. Mmoja aliuliza kama nachonga mwiko wa ugali. Sikumjibu kwa kuwa nilikuwa nahesabu. Mchana wa siku ya pili pleti ikateleza yenyewe kwa uzito wake, ikafika chini ikalia *tik* ndogo. Kaijage, aliyekuwa amenipa mgongo anafunga mnyororo wa mtu, akaacha kuimba. Akasema, "Rudia." Nikarudia. *Tik*. Akaendelea kuimba.

Yaliyobaki mnayajua au mnapaswa kuyajua. Nikaliosha bakuli kwa petroli na kulifuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikabaki cheupe, kwani unga wa tupa ukiingia kwenye oili unakula injini. Pleti nikazilaza kwenye oili kabla ya kuzifunga, zisiingie kavu. Bolti za springi nikazikaza kwa kukatiza, hii na ya mbele yake, kidogo kidogo, ili ile sahani ya juu inayobana pleti ikae sawa. Nikarekebisha waya kwa unene wa sarafu. Kisha nikaipanda mwenyewe, nikaenda nayo mpaka njia panda na kurudi, nikaisimamisha mlimani, nikaisimamisha mteremkoni, injini baridi, injini moto. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu hakuna pikipiki iliyotoka mikononi mwangu bila mimi kuikalia. Hata nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, kwa ndoa yangu ya pili, nilizikalia mpaka mwezi wa saba. Mume wangu alilalamika, mteja hakulalamika hata mmoja.

Baadaye ilikuwa ikitokea klachi imewashinda watu Kyerwa yote, wanaipakia kwenye gari wanasema mpelekeeni yule mama wa kucha. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha. Pikipiki zimebadilika, hizi za siku hizi nyepesi, pleti chache, na spea zake zimejaa mpaka gengeni, bakuli jipya unalipata kabla chai haijapoa. Vizuri. Lakini masikio ya pleti bado yanachimba vidole, na oili ya lori bado kuna mtu anaiweka. Ombi langu kwenu ni dogo: mteja akikuambia bado inavuta, mwamini kuliko unavyojiamini, na kama hujui, sema hujui. Mimi neno hilo nililijifunza kwa kumvunja mtu mkono.

Adventina alikuja kuichukua pikipiki yake wiki ile ile plasta ilipotolewa. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi imepauka. Gereji ilikuwa imejaa, maana habari zilikuwa zimeenea. Akapanda, akapiga kiki. Akabana klachi kwa vidole vile vyembamba, akaingiza ya kwanza. Haikuruka. Lakini nilimwona mguu wake wa kulia umeikanyaga breki kwa nguvu zote, na uso umekaza, na nikajua hofu ile haiwezi kutolewa kwa maneno. Nikaenda nikasimama mbele ya gurudumu, magoti yangu yanagusa tairi.

"Toka hapo," akasema.

"Achia breki, nesi."

"Mwanaidi, toka."

"Sitoki. Bana klachi, achia breki."

Kaijage alikuwa ameshika nyundo hewani na hakuishusha. Adventina alinitazama, kisha akainua mguu kutoka kwenye breki, akaongeza na mafuta kidogo, injini ikanguruma. Tairi halikunisukuma hata unywele. Akakaa hivyo muda mrefu, anaongeza, anapunguza, ananitazama. Kisha kwa ncha ya kiatu akatafuta frii, akaipata mara ya kwanza, na ile taa ya kijani ya frii ikawaka.

"Haya," akasema. Sauti yake haikuwa ya kuamuru. "Nipishe, kuna watu wananisubiri."

Nikampisha. Akatoka taratibu, akashika barabara ya Kyerwa. Nilisimama pale nikisikiliza: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna iliyogugumia. Nilisubiri mpaka mlio ukapotea kabisa nyuma ya migomba, ndipo nikanawa mikono nikamgeukia mteja aliyefuata nikamuuliza yake ina nini.